Jibini Yenye Tundu: Kwenda Mantapala na Kurudi

Wengi mmeniuliza nilikuwa wapi karibu majuma mawili, na kwa nini nilirudi na vipande vinne vya mwanzi vilivyotobolewa na kitambaa kinachonuka beberu. Kila niliyemjibu nilimwacha nusu, maana daladala lilifika au sufuria ilichemka. Basi nimekaa nikaandika yote kwa mpangilio. Habari za mpakani, mihuri na tiketi nimeziruka. Hizo mnazijua, na hazijawahi kumfurahisha mtu.

Tunduma hadi Kasama

Safari yenyewe ilianzia kwenye zizi langu hapa Mbalizi. Mwaka jana Sista Odile, mtawa Mfaransa aliyepita miaka themanini, alikuja Mbeya kutibiwa macho akafikia nyumba ya masista jirani. Kila asubuhi alisimama kwenye ua wangu akiwatazama mbuzi wangu kumi na mmoja wa maziwa. Siku ya kuondoka alinishika mkono akasema, kwa Kiswahili chake cha Kongo, "Mama, hii maziwa unakunywa tu na chai? Ni zambi." Alikuwa amekusudia kusema dhambi, na hakuwa anatania.

Aliniahidi kwamba nikifika Kasama, huko Zambia anakoishi, atanieleza jinsi jibini ya kwao inavyotengenezwa. Mwezi wa sita nikafunga safari.

Kutoka Nakonde, ng'ambo ya Tunduma, hadi Kasama tulichelewa saa mbili nzima kwa sababu ya kochi. Abiria mmoja alikuwa amenunua kochi la watu watatu, na halikuingia popote. Likafungwa juu ya basi, likafunguliwa, likafungwa tena likiwa limelala kifudifudi. Mwenyewe alikaa dirishani safari nzima akisikiliza paa, na kila lilipogonga kitu alisema "awe", yaani "hapana", kwa sauti ya mtu anayemkanya mtoto.

Kasama: ombi la Sista

Sista alinipokea sebuleni. Niliona kwamba msichana aliyeleta chai alimjazia kikombe nusu tu, na hata hiyo nusu ilicheza. Mikono yake inatetemeka. Nililiandika hilo kwenye daftari langu bila kujua kwamba ndilo jambo kubwa kuliko yote niliyoandika siku ile.

Alinieleza kwamba jibini yao inaitwa Sainte-Maure, kutoka jimbo la Touraine. Ina umbo la gogo dogo, urefu wa shubiri, nje nyeusi kwa majivu ya mkaa, ndani nyeupe kama chokaa. Katikati yake, kutoka mwisho huu hadi mwisho ule, hupita bua moja la nafaka. Bua hulishika gogo lisivunjike, na ndilo alama yake. Ukiona gogo jeusi lenye bua, umeiona.

"Lakini usijifunze kwangu," akasema. "Enda kwa Feza. Yeye njo anajua. Mikono yake ni mizuri kuliko yangu."

"Njo" ya Kongo ni "ndiye" yetu. Niliyachukulia maneno hayo kuwa adabu ya mzee.

Feza alifanya naye kazi miaka kumi na miwili kwenye misheni ya nyanda za juu za Marungu, upande wa Kongo, ambako baridi ni kali na masista walikuwa na mbuzi na shamba dogo la ngano. Vita ilipokaribia, masista walihamishwa kwa siku moja. Feza alibaki, na baadaye akakimbia na wengine, akavuka ziwa Mweru. Sista alimtafuta kwa miaka. Hivi karibuni tu alisikia kwamba yuko Mantapala, kwenye makazi ya wakimbizi wilaya ya Nchelenge, na kwamba ana mbuzi.

"Jumamosi ya juma lijalo ninarudishwa kwetu," akasema. "Nimezeeka, wanataka nifie karibu. Uniletee moja kabla ya Jumamosi. Nzima. Nataka kujua kama ile kazi iko ingali."

Ilikuwa Jumanne. Nilikuwa na siku kumi na moja.

Kasama hadi Kashikishi

Nilipita Luwingu, nikalala Mansa, kisha nikashuka bonde la Luapula. Huko muhogo huanikwa kandokando ya lami, vipande vyeupe kilomita baada ya kilomita, na mbuzi wa watu hula pembeni bila aibu. Kila kituo wanawake walisogeza mabeseni ya samaki hadi usawa wa dirisha. Nilinunua samaki wanayemwita pale, ndiye perege wa huko, aliyebanikwa, nikamla na kichwa.

Kashikishi unaisikia kwa pua kabla ya kuiona. Ni soko la bandari: mitumbwi ya injini, chumvi kwa magunia, na chisense, dagaa wa Mweru, walioanikwa juu ya mchanga hadi ufukwe unang'aa kama bati jipya. Wafanyabiashara wa Kongo hupanga bei kwa Kiswahili, Wazambia wanajibu kwa Kiswahili hichohicho, halafu wanageukiana na kucheka kwa Kibemba.

Nilikuwa na jina la mtu mmoja tu: Bana Chanda, yaani Mama Chanda, mwenye gunia kubwa kuliko wote. Anauza chisense hadi Kasama na ndiye aliyempelekea Sista habari za Feza. Alinipokea kwake na kunipa ubwali wa muhogo. Mimi nikaufinyanga kama ugali wetu wa mahindi, ukanikamata vidole vyote vitano.

"Mayo," akaniambia, yaani mama, "unakula ao unaziba tundu ya mutumbwi?"

Alinifundisha kulowesha vidole kwenye maji, kukata kidogo, na kumeza bila kutafuna sana. Nilipomwambia ninakwenda kwa Feza kujifunza jibini, alikunja uso.

"Ile nyeusi? Alinipa siku moja. Nilifikiri ni kala." Akaona sijaelewa. "Makaa. Nilitaka kuwasha moto nayo."

Mantapala

Siku ya pili asubuhi nilipanda kwenye mzigo wa lori dogo lililobeba mabati na mafuta ya kupikia. Njia inaacha ziwa na kuingia msituni, udongo mwekundu, hadi unaanza kuona viwanja vilivyonyooka: nyumba, shamba, nyumba, shamba. Mahindi yalikuwa yameshavunwa. Niliuliza kwa Feza mara tatu na mara zote nilijibiwa kwa swali: "Feza wa maziwa?"

Feza wa maziwa ni mwanamke mrefu wa miaka sitini hivi, mwenye kitambaa cheupe kichwani na mikono mikubwa. Nilipomtajia Sista Odile aliketi chini palepale uani.

"Angali mzima?"

"Mzima. Ila mikono inatetemeka."

"Ilianza zamani," akasema. Kisha akasimama, akajipangusa vumbi. "Bon. Umefika wakati wa kukamua. Nawa mikono, Mama Mbeya."

Hivi ndivyo kazi inavyokwenda, kama nilivyoiona kwa siku sita.

Feza ana mbuzi saba, wa kienyeji, wadogo. Wote kwa pamoja, jioni na asubuhi, wanatoa maziwa ya kutengeneza jibini moja kwa siku, na siku nyingine hawafikishi. Maziwa ya jioni yanawekwa kwenye chungu kilichozikwa hadi shingoni ndani ya mchanga mbichi, chini ya kibanda cha nyasi. Asubuhi yanachanganywa na ya siku hiyo yakiwa bado na joto la mnyama. Hapo anaongeza kikombe kidogo cha maji ya jibini ya jana, yale yanayochuruzika, ambayo ndiyo mbegu. Halafu matone mawili, matatu ya maji yaliyolowekewa tumbo kavu la mwanambuzi ambaye hakuwahi kuonja jani. Matone hayo kwa mwingine yangekuwa kijiko. "Ukizidisha inakuwa mpira," Feza anasema. "Unaweza kucheza nayo futboli."

Kisha anafunika, na hafanyi chochote hadi kesho yake.

Hapo ndipo nilipokosea. Jioni ya siku ya kwanza, kwa hamu ya kusaidia, nilifunua chungu nikakoroga kidogo na mwiko, kama tunavyofanya na mtindi. Feza aliona kutoka upande wa pili wa ua.

"Weye! Maziwa imelala, unaiamusha ju ya nini?"

Asubuhi yake, badala ya kitu laini kinachotikisika kama ute wa yai, tulikuta punje zinazoelea ndani ya maji. Nilijaribu kuomba radhi. Alimimina yote kwenye bakuli, akanyunyiza chumvi, akanipa nile na viazi vitamu. "Leo hakuna fromaji," akasema. Ndivyo wanavyoiita jibini kule. "Leo iko makosa ya Mama Mbeya. Kula makosa yako." Majirani wawili walikuja kuonja makosa yangu na kuyasifu sana.

Siku iliyofuata niliketi juu ya mikono yangu nikatazama. Ana vipande vya mwanzi vilivyotobolewa kwa waya wa moto, vipana juu na vyembamba kidogo chini ili jibini iteleze itoke. Anachota kwa kijiko cha kibuyu, tabaka moja jembamba kwa wakati mmoja, na kulilaza ndani ya mwanzi bila kulivunja. Sijui niwaelezeje. Kile kitu ni laini kiasi kwamba kikipumuliwa kinapasuka, na yeye anakihamisha kama mtu anayemhamisha mtoto mchanga kutoka mgongo mmoja hadi mwingine bila kumwamsha. Nilijaribu mara tano. Mara zote tano kilipasuka.

Mwanzi ukishajaa unaachwa uchuruzike hadi kesho. Gogo linatolewa, bado bichi. Anapaka mkaa uliosagwa na kuchekechwa kwa kitambaa, uliochanganywa na chumvi ya Kashikishi, kwa kiganja, akiliviringisha. Kisha linakwenda kwenye mkeka wa matete ndani ya kibanda na kugeuzwa kila siku. Siku ya nne, ya tano, weusi unaanza kufunikwa na unyoya wa ukungu, wa kijivu na buluu. Hapo ndipo watu wengi hutupa, na hapo ndipo Feza hutabasamu.

Nilimuuliza mbegu aliipata wapi, maana alivuka ziwa bila mbuzi. Alinionyesha kitambaa kimoja cha kuchujia, cha pamba nzito. Alikiloweka katika maji ya jibini ya mwisho kule Marungu, akakikausha, akajifunga nacho kiunoni. Alikuwa nacho ndani ya mtumbwi. Alikuwa nacho Kenani, kwenye kambi ya mapokezi, miezi ile ya mahema na foleni, ambako aliulizwa mara nyingi kwa nini hafui kitambaa chake. Alipopata mbuzi wa kwanza Mantapala alikirudisha ndani ya maziwa, na maziwa yakalala. Kama hilo linawezekana kitaalamu sijui. Naandika nilivyoambiwa na mtu ambaye sikumkuta akidanganya katika jambo lingine lolote.

Lakini kulikuwa na jambo nililongoja kuliona na halikuja. Kila gogo, kabla ya kupakwa mkaa, Feza alichukua spoki ya baiskeli iliyosafishwa kwa moto, akaipitisha katikati taratibu kutoka mwisho hadi mwisho. Kisha akaichomoa. Akaendelea. Kila jibini yake ilikuwa na tundu katikati, tupu. Na kwa sababu hiyo nyingi zilivunjika wakati wa kugeuzwa. Nilihesabu tatu zilizopasuka mkekani.

"Mama Feza," nikasema, "bua liko wapi?"

"Bua ni ya Sista."

"Vipi ya Sista?"

Alipangusa spoki kwa kitambaa kabla ya kunijibu. "Miaka kumi na mbili tulifanya naye. Mi njo nilikamua, mi njo nilichota, niligeuza, nilipaka makaa. Bua, hata siku moja. Alikuwa anaikala ku kiti yake, karibu na dirisha, anaweka moja, anaweka ingine, polepole, sawa padri na hostia. Mi namupa, yeye anaweka. Ile ni kazi ya mukubwa."

"Hukumuuliza hata mara moja?"

"Kitu ya mukubwa unaiuliza namna gani?" Alinitazama kama niliyemuuliza kwa nini hakukalia kiti cha askofu. "Akishaweka bua, njo inakuwa fromaji. Yangu hii, miaka yote hii, ni maziwa imekauka. Muzuri, lakini maziwa."

Nilimwambia kwamba bua linashika tu gogo lisivunjike. Sista mwenyewe alinieleza hivyo.

"Alikueleza weye," akasema. "Mi hakunieleza."

Asubuhi ya kuondoka alichagua jibini ya siku kumi na mbili, akaifunga kwa jani la mgomba na kamba ya ganda la mti. Alikuwa amezikagua zote usiku uliopita kwa kidole, kama anayepima homa.

"Umupelekee hii. Aweke bua yeye mwenyewe, kwa mukono yake. Akiweka, nitajua kama ni fromaji. Akikataa pia nitajua. Lakini ndani ya tundu usiweke kitu, Mama Mbeya. Hata kijiti. Umenisikia?"

Nikasema nimesikia. Akanipa pia kitambaa kidogo kilicholowekwa maji ya jana, na vipande vinne vya mwanzi. "Vya makosa yako," akasema.

Kashikishi hadi Luwingu

Bana Chanda alikuwa anakwenda Kasama na magunia kumi ya chisense, kwa hiyo tulipanda basi pamoja Alhamisi na kulala Mansa. Ijumaa asubuhi tulikuwa na siku nzima mkononi.

Kwenye kizuizi kimoja cha ukaguzi wa mazao, ofisa kijana mwenye adabu aliingia akauliza nani amebeba makaa bila kibali. Nilikuwa nimelegeza jani ili jibini ipate hewa, na kichwa cheusi kilikuwa kinachungulia.

"Si makaa," nikasema. "Ni maziwa."

Akanitazama. Akatazama lile gogo. Bana Chanda akamweleza kwa Kibemba, kwa urefu, na basi zima likacheka. Ofisa aliomba kunusa. Alinusa, macho yakamtoka maji, akasema kwa Kiingereza cha ofisini kwamba naweza kuendelea. Kutoka hapo nikawa na kiti kizima peke yangu. Abiria wa nyuma aliuliza mara mbili kama kuna mtu amesahau kumshusha beberu.

Kilomita kadhaa kabla ya Luwingu basi lilitoa mlio kama wa kumwaga vyombo, likasimama. Dereva alilala chini yake kuanzia saa nne asubuhi. Tulikaa kando ya barabara hadi alasiri. Mwanamke wa jirani alituuzia munkoyo, kinywaji cha mizizi na mahindi, na karanga za kuchemsha. Mimi nilikuwa nimempakata Sista Odile, maana ndivyo Bana Chanda alivyoanza kuiita jibini. Kila nilipofungua jani niliona mstari mwembamba ukizunguka gogo katikati. Saa sita ulikuwa kama unywele. Saa nane ulikuwa kama uzi.

"Itakatika," Bana Chanda akasema.

"Naona."

Alisimama, akaenda kwenye nyasi ndefu za kando ya barabara, akarudi na bua moja kavu, limenyooka, safi. Akalimenya kwa kucha. "Weka. Inapita sawasawa. Feza ataona wapi? Na ule mamayo anataka nzima."

Nililishika lile bua. Lilikuwa na unene uleule wa tundu, kana kwamba lilipimwa. Sista aliniomba jibini nzima. Feza aliniomba tundu tupu. Vyote viwili sikuweza kuvipeleka. Nilijiambia kwamba nikishafika nitalichomoa, na nilijua kwamba likishaingia halitoki bila kuacha alama, na Sista angeiona. Nilifikiria pia Kenani, na watu waliomwambia Feza afue kitambaa.

Nikaweka bua ndani ya daftari.

"Uko na kichwa kigumu sawa muhogo wa zamani," Bana Chanda akasema. Lakini alivua chitenge chake cha pili, akakikunja mara nne, tukaweka jibini juu yake.

Basi liliwaka saa kumi. Kwenye daraja la kwanza baada ya Luwingu tulirushwa, nikasikia kwenye mapaja yangu kitu kidogo kikiachana. Sikufungua jani.

Kasama, Jumamosi asubuhi

Sanduku la Sista lilikuwa tayari mlangoni. Gari la kumpeleka lingefika saa nne. Alikuwa amevaa sweta mbili na viatu vya safari, akaniambia niketi kabla sijaanza kuomba msamaha, kwa sababu alikuwa ameshaona uso wangu.

Nilifungua jani mezani. Vipande viwili. Nikaanza kueleza: basi, daraja, mstari.

Hakunisikiliza. Alikuwa amekwisha kuinua nusu moja. Aliinusa, akaibonyeza, akakwaruza unyoya wa kijivu kwa ukucha na kuulamba. Kisha akaipeleka jichoni na kutazama dirisha kupitia lile tundu, kama mtoto na bomba la mpapai.

"Ametoboa," akasema. "Lakini bua iko wapi?"

Nikamweleza aliyoniambia Feza, neno kwa neno: kiti cha karibu na dirisha, padri na hostia, kazi ya mukubwa, maziwa imekauka. Nilisoma kutoka kwenye daftari ili nisikosee. Nilipoinua macho, Sista alikuwa ameweka jibini chini na mikono yake miwili imelala juu ya meza, ikitetemeka bila kufichwa.

"Ile mwaka nilifika Marungu, hii mikono ilikuwa imeanza," akasema. "Nilikuwa nikichota, inapasuka. Kila siku nilikuwa naharibu maziwa ya masista. Feza alikuja kufagia tu. Siku moja alishika kijiko, akachota. Mungu wangu. Sikushika kijiko tena. Lakini nilikuwa ni mkubwa wa kazi, siwezi kukaa bure. Nikatafuta kitu ambacho hata mimi naweza." Akanitazama. "Kwetu, kuweka bua ni kazi ya bibi na ya watoto wadogo. Ni ya wale ambao hawawezi kazi ingine."

Alikata kipande kwa kisu, tukala wote wawili. Kilikuwa na chumvi, kisha uchachu, kisha mwishoni kitu kama karanga mbichi. Alikula kipande cha pili na cha tatu. Hakuomba mkate.

"Piga simu," akasema.

Feza hana simu. Nilipiga ya mwenye duka wa jirani yake, tukasikia akikimbia, mbuzi wakilia, kisha pumzi ya mtu. Niliweka simu mezani kati ya vipande viwili.

"Feza."

"Sista. Imefika nzima?"

Sista alinitazama. "Imefika mara mbili."

"Ah."

"Nimekula nusu. Ni fromaji, Feza. Kwetu wangeuliza ni mama gani wa Touraine aliifanya. Sasa sikiliza ju ya bua." Akamweleza yote, kama alivyonieleza mimi, bila kupunguza: mikono, kijiko, bibi na watoto. Upande wa pili mbuzi mmoja alilia.

"Sista," Feza akasema mwishoni. "Unataka kusema miaka yote ile, weye njo ulikuwa unasaidia mi?"

"Eeh."

"Na mi nilikuwa nakuogopa!"

Kikatoka kicheko ambacho sikukisikia siku zote sita nilizokaa kwake, kicheko cha tumboni, na Sista akacheka naye hadi akashika meza. Honi ililia nje. Nilitoa bua la Luwingu kwenye daftari nikamwonyesha Sista. Alilichukua, akaunganisha nusu aliyoiacha na kipande kilichobaki cha nusu ya pili, na kwa mikono ile akajaribu kulipitisha. Ilimchukua muda. Dereva alingoja. Bua lilipita.

"Nimeweka," akasema kwenye simu. "Ya mwisho. Kuanzia leo uweke weye mwenyewe."

"Hapana, Sista," Feza akasema. "Bado. Mikono yangu ingali inachota."

Mbalizi

Nilirudi nyumbani Jumatatu. Mbuzi walikuwa wamenisahau, mmoja alinipiga teke.

Kitambaa cha Feza nimekirudisha ndani ya maziwa, na maziwa yalilala. Kuchota ndiko kulikonishinda. Nimejaribu majuma matatu na bado inapasuka, kila siku tunakula makosa yangu na viazi. Juzi mke wa mwanangu, Tumpe, ambaye alikuja kuosha ndoo tu, alichukua kijiko akachota tabaka moja kujaribu. Likalala zima ndani ya mwanzi, bila hata mkunjo. Akachota la pili. Nikamwachia kijiko.

Sasa yeye anachota. Mimi nimeweka kiti karibu na mlango wa banda, nina fungu la mabua ya ngano kutoka kwa jirani, na kazi yangu ni kuyapitisha moja moja. Jana Tumpe alinitazama, kisha akauliza kwa sauti ya chini, ile ya kuongea na mkwe, "Mama, hiyo ya bua nitaruhusiwa lini?"

Nikamwambia aweke kijiko chini na aketi. Nikamsimulia yote hapohapo, kuanzia kochi la Nakonde, kabla maziwa hayajapoa.